Masikio Yanapovuma: Mwongozo kwa Wakazi wa Nachingwea na Ruangwa

Msimu wa salfa ukianza, Mei au Juni, mashamba ya korosho ya Nachingwea na Ruangwa huamka kabla ya jua. Wapulizaji huwahi umande, kwa sababu unga hushika vizuri kwenye majani mabichi na upepo bado umetulia. Pampu ya mgongoni ina injini ndogo, lakini injini hiyo hukaa karibu na sikio kuliko mashine nyingine yoyote anayoitumia mkulima wa huku, na sauti yake hupita desibeli 90. Jioni kijana anarudi nyumbani, anatua mzigo, anaoga, anakaa barazani, na hapo ndipo anapousikia mlio mwembamba usiotoka popote. Misimu ya kwanza mlio huo huisha usiku uleule. Baada ya misimu kadhaa, unabaki.

Kama wako umebaki kwa zaidi ya miezi mitatu, mwongozo huu ni wako. Ni wako pia kama sauti ambazo wenzako hawazijali, sahani zikigongana, pikipiki ikipita, mtoto akilia, zinakuchoma mpaka unatamani kukimbia. Mambo haya mawili mara nyingi huja pamoja. Madaktari huliita la kwanza tinitasi. Huku kwetu tunasema tu masikio yanavuma, au yanalia.

Salfa si sababu pekee. Wapo waliopata mlio kwenye karasha za kusaga mawe ya dhahabu, kwenye mashine za kuchoronga mwamba na milipuko ya baruti. Wapo wenye mashine za kusaga nafaka, askari waliozoea mizinga, mafundi wa muziki wa harusi. Wapo waliotoka usaha masikioni utotoni na hawakutibiwa vizuri. Wapo wazee ambao umri umekula usikivu wao taratibu. Na wapo ambao hakuna daktari atakayejua kwao ulianzia wapi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kati ya watu wazima 100 duniani, 14 hivi wana mlio wa masikio, na wawili kati yao wanasumbuliwa sana. Kwa hiyo katika mkutano wowote wa kijiji unaohudhuria, hupo peke yako, hata kama hakuna mwingine aliyesema.

Hawasemi kwa sababu inayoeleweka. Sikio likilia, wengi tumelelewa kuamini kwamba kuna mtu anatusengenya. Likilia mwezi mzima, watu huanza kutaja jini au mkono wa mtu. Sitamdharau anayefikiri hivyo, maana kusikia sauti ambayo jirani yako haisikii ni jambo la kutisha kwelikweli. Lakini nakuomba uamini hili: sauti unayoisikia ina chanzo katika mwili, inajulikana, imechunguzwa kwa miaka mingi, na si dalili ya kurukwa na akili.

Kapimwe kwanza

Usianze na tiba ya kuambiwa. Anza na zahanati au kituo cha afya cha kwenu, kisha hospitali ya wilaya. Mhudumu ataangalia ndani ya sikio. Mara nyingine tatizo lote ni nta iliyoganda, na ikitolewa kwa utaratibu mlio hupungua au kwisha siku hiyohiyo. Usiitoe mwenyewe kwa njiti ya kiberiti wala unyoya wa kuku, na usimimine mafuta ya taa wala maji ya majani yoyote. Ngoma ya sikio ni nyembamba mno, na ikitoboka unakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Upimwe na shinikizo la damu, na wingi wa damu pia.

Mweleze mhudumu dawa zote ulizowahi kutumia. Watu wazima wa huku wanaikumbuka kwinini: ulipoinywa au ulipotundikiwa, masikio yalivuma na dunia ikawa mbali. Mvumo wa kwinini kwa kawaida huondoka dawa ikiisha mwilini. Sindano za baadhi ya antibayotiki, kama jentamaisini na streptomaisini, zinaweza kuacha madhara ya kudumu. Kanamaisini iliyotumika kwa kifua kikuu sugu iliwaharibu wengi usikivu, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri isitumike tena katika tiba hiyo. Aspirini kwa dozi kubwa nayo huvumisha masikio. Lakini usiache dawa yoyote ya TB, presha au moyo kwa uamuzi wako. Mwambie daktari masikio yanavuma, naye atazame kama kuna nyingine ya kubadilisha.

Zipo dalili ambazo hazisubiri mnada wa korosho wala fedha za mauzo. Ukiamka sikio moja halisikii kabisa, nenda siku hiyohiyo, maana usikivu uliopotea ghafla una dawa, na dawa hiyo hufanya kazi zaidi katika siku za kwanza. Nenda haraka pia kama mlio uko sikio moja tu, kama unapiga pamoja na mapigo ya moyo, kama kizunguzungu kinakuangusha, kama uso umelegea upande mmoja, au kama sikio linatoa usaha au damu.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo hapatikani kila wilaya, na hili ni gumu. Omba barua ya rufaa. Kwenye barabara kuu ya Lindi kwenda Masasi kuna hospitali mbili kongwe za misheni, Nyangao na Ndanda. Kuna Sokoine pale Lindi, kuna hospitali ya rufaa ya kanda Mtwara, na mwisho kabisa Muhimbili, ambako tangu 2017 wanapandikiza hata vifaa vya usikivu kwa watoto waliozaliwa hawasikii. Kabla ya kupanda basi, piga simu au mwombe mganga wako aulize kama bingwa yupo na siku zake ni zipi, ili nauli isipotee. Kambi ya madaktari bingwa ikitangazwa kwenye hospitali ya wilaya, ulizia mapema kama wa masikio yumo.

Unachopaswa kuomba ni kipimo cha usikivu. Ikionekana umepungukiwa, shimesikio, yaani kifaa kidogo cha kusaidia kusikia, kinaweza kukupa nafuu mara mbili: unasikia watu, na mlio unarudi nyuma kwa sababu ubongo umepata sauti za kweli za kushughulika nazo. Ni ghali, nakiri. Lakini kwa mtu aliyepungukiwa usikivu, ningeweka fedha za korosho hapo kabla ya kuzipeleka kwenye chupa yoyote ya dawa inayouzwa stendi. Mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa mlio wa kudumu. Anayekuuzia kidonge hicho anakuuzia matumaini ya uongo, na ya kweli yapo.

Kinachotokea kichwani

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 kila upande, zinazogeuza sauti kuwa habari kwa ubongo. Kelele kubwa huziua, na zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa habari zilizozoeleka kutoka sehemu fulani, unaongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu wa kijiji cha mbali na mnara anavyoongeza sauti ya redio mpaka mikwaruzo inakuwa mikubwa kuliko taarifa ya habari. Mlio wako ni ile mikwaruzo. Na kwa kuwa sauti yote imeongezwa, mlango ukigongwa nao unakuwa kishindo. Ndiyo maana mlio na uchungu wa sauti ni ndugu.

Mwaka 1953 watafiti wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri kwenye chumba kisichopitisha sauti. Karibu wote, 94 kati ya kila 100, walisema wamesikia milio na mivumo. Hawakuwa wagonjwa. Kimya tu kilitosha kuitoa. Ukiielewa habari hiyo utajua kwa nini mlio wako ni mkali usiku wa manane na unasahaulika gulioni.

Sasa kwa nini mtu mmoja ana mlio na analima, na mwingine mwenye mlio uleule halali wala hali? Mwanasayansi Pawel Jastreboff alieleza mwaka 1990 kwamba tofauti haiko kwenye ukubwa wa mlio, iko kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hofu. Ubongo ukishaandika kwamba sauti hii ni hatari, utaichunga mchana na usiku, kama unavyochunga mlio wa chui karibu na zizi. Ukiandika upya kwamba sauti hii haina madhara, unaacha kuichunga, na siku moja unagundua kuwa umepita nusu siku bila kuisikia. Ubongo huzoea. Hapo ndipo yalipo matumaini, na si maneno ya kubembelezana: watu wengi hufika huko, kwa kawaida ndani ya miezi kadhaa hadi mwaka na nusu, na wengine bila tiba yoyote rasmi.

Kwa hiyo unapoambiwa "zoea tu", neno lenyewe si baya. Ubaya ni kukuachia hapo bila kukuonyesha njia.

Usiku

Usilale katika kimya kitupu. Tafuta sauti laini isiyo na maneno ya kukuamsha: feni, mvua, maji yanayotiririka. Masika bati na vyura vitakufanyia kazi hiyo bure. Kiangazi, ukifika mjini penye mtandao mzuri, pakua saa nzima ya sauti ya mvua, weka kwenye memori kadi, na uicheze kwa spika ndogo iliyo mbali kidogo na kitanda. Redio ya sauti ya chini inafaa pia, ila usiiache kwenye mabishano ya mpira.

Kuna siri moja ambayo wengi huikosa. Sauti hiyo isizidi mlio. Iwe chini yake kidogo, uisikie na mlio uusikie, vichanganyike. Ukiufunika mlio kabisa utapata nafuu ya usiku mmoja, lakini ubongo hauwezi kuzoea kitu usichousikilizisha. Na usivae hedifoni usingizini ukizifungulia mpaka mwisho. Utakuwa unalichoma sikio lilelile unalolihurumia.

Amka saa ileile kila siku hata kama ulilala vibaya. Uraka na gongo la mabibo vinaweza kukuangusha mapema, lakini usingizi wa pombe hukatika saa nane usiku, na saa nane ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mwenye mlio. Chai na kahawa sitakukataza. Jichunguze mwenyewe: kama kikombe cha jioni kinakunyima usingizi, kiache cha jioni.

Ukiamka usiku, usianze kuukagua mlio kama umeongezeka. Kila ukaguzi unauambia ubongo kwamba kuna jambo la kuchungwa. Vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe ndefu kuliko ulivyoivuta, weka mkono tumboni uone unavyopanda na kushuka. Mwenye kusali na asali. Kama umekaa macho muda mrefu, inuka, kaa sebuleni ufanye kazi ndogo ya mikono, kubangua karanga au kushona, mpaka usingizi urudi.

Sauti zinazokuchoma

Hapa ndipo wengi hujiumiza kwa nia njema. Sauti zinawachoma, basi wanaziba masikio kutwa, wanaacha kwenda sokoni, wanaacha harusi, wanahamia chumba cha uani. Mwaka 2003 Craig Formby na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba watu wenye usikivu mzuri wakiziba masikio kwa wiki mbili tu, sauti za kawaida huanza kuonekana kubwa zaidi kwao. Waliokaa na sauti laini masikioni kwa muda huohuo walistahimili zaidi. Ukimya mwingi unaliongezea sikio ukali.

Kwa hiyo tofautisha sauti inayoudhi na sauti inayodhuru. Kipimo rahisi: simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Kama mnalazimika kupaza sauti ndipo msikizane, hapo ziba masikio au ondoka. Kama mnaongea kawaida, sauti hiyo haitakudhuru hata kama inakuchoma, na ni hiyo unayopaswa kuirudia kidogo kidogo.

Tuseme mashine ya kusaga ndiyo inayokutoa jasho. Usianze mlangoni pake. Wiki ya kwanza kaa mahali unapoisikia kwa mbali, dakika chache, ukipumua taratibu, kisha ondoka ukiwa bado umetulia na si baada ya kushindwa. Siku zinazofuata sogea kidogo. Siku ya kurudi nyuma ikija, rudi hatua moja, usirudi nyumbani kujifungia. Vivyo hivyo kwa vyombo na sauti za watoto: uvae vizibo vya masikio dakika ya kwanza, halafu uvivue.

Ngoma za jando na unyago, harusi, mechi ya Namungo uwanja umejaa, hizo ni furaha zetu na hupaswi kuzikosa. Nenda. Kaa pembeni au nyuma ya spika, usikae mbele yake. Uwe na vizibo vya sponji mfukoni. Ukiviviringisha na kuviingiza sawasawa hupunguza desibeli 20 hivi. Pamba haizuii kitu cha maana. Toka nje mara kwa mara upumzishe masikio. Kama spika ya jirani, ya baa au ya nyumba ya ibada imeelekezwa dirishani kwako, nenda kwa heshima, ukiwa na mzee mmoja wa mtaa, uombe igeuzwe. Imamu au katekista akielezwa habari ya ugonjwa husikia kuliko akielezwa habari ya kero. Ikishindikana kwenye baa au disko, zipo kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na ofisi ya mazingira ya halmashauri inazijua.

Watu wako

Mlio unaoambatana na kupungukiwa usikivu unagusa adabu. Mtoto wa jirani anakuamkia shikamoo, husikii, unapita. Kesho yake mtaa mzima unasema fulani ana kiburi siku hizi. Jieleze mapema, bila aibu: "Ndugu yangu, masikio yangu yanavuma na upande wa kushoto sisikii vizuri. Nikipita bila kuitika, niguse." Sentensi hiyo moja inaokoa urafiki mwingi.

Na wewe mke, mume au mtoto wa mwenye mlio unayemsomea haya: usimwambie anajitakia. Usimuulize kila asubuhi mlio ukoje, maana unamrudisha kwenye ukaguzi. Mwombe mfanye jambo pamoja. Ukiongea naye, mtazame usoni, punguza redio kwanza, na usimpigie kelele kutoka jikoni.

Kwa upande wako msomaji, chukua daftari. Andika wazo baya linapokuja, kama lilivyo: "Nitakuwa mwendawazimu." Chini yake andika ulichokifanya siku hiyo mlio ukiwepo: nimepalilia nusu eka, nimekwenda msibani, nimecheka na wajukuu. Si mchezo wa kitoto. Ndio msingi wa tiba ya kubadili mawazo na mwenendo, tiba iliyothibitishwa kuliko nyingine zote katika kupunguza mateso ya mlio. Haipunguzi sauti. Inapunguza utawala wake.

Likikujia wazo la kutaka kufa, usilale nalo. Mwamshe mtu usiku huohuo, na asubuhi akupeleke hospitali ya wilaya. Useme wazi kwamba masikio yamekukosesha usingizi na sasa unawaza kufa. Huzuni ya namna hiyo inatibika, na ikitibiwa mlio nao hupungua ukali.

Kazi inaendelea

Huwezi kuacha korosho. Wala huna haja. Kwa kelele ya desibeli 85, sikio linavumilia saa nane kwa siku. Kila desibeli tatu zikiongezeka, muda hukatwa nusu: saa mbili kwa 91, robo saa tu kwa 100. Ndiyo maana kupokezana ni dawa. Mwenzako achukue tangi moja, wewe linalofuata, na anayepumzika akae mbali na injini. Vaa vizibo chini ya kitambaa cha kuzuia vumbi la salfa. Bomba la moshi lililotoboka lizibwe kabla msimu haujaanza, kwa sababu huongeza kishindo. Kwenye karasha, simama mbali na mdomo wa mashine na uvae vikinga masikio vya kufunika sikio lote. Aliyeajiriwa mgodini au kiwandani ana haki ya vikinga hivyo kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na akipata madhara ya usikivu kwa sababu ya kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndio mahali pa kudai.

Mkulima hana mwajiri wa kumdai. Ana chama cha msingi, na juu yake ana RUNALI, chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Salfa ya ruzuku hugawiwa kila mwaka kwa mifuko na majina huandikwa. Nawaomba viongozi wa vyama hivyo na Bodi ya Korosho: mifuko hiyo ikishushwa ghalani msimu ujao, vishushwe na vizibo vya masikio, jozi moja kwa kila mpulizaji, na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuvivaa. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, uliza jambo hilo kwenye mkutano mkuu wa chama chenu, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.